Karibu Kiti

Kwa miaka mitatu kiti changu cha kazi kilikuwa katoni ya sabuni. Ilikaa chini ya kaunta, upande wa ukutani, mahali ambapo mteja haoni na patron, mwenye duka, naye haoni mpaka ainame. Tulikuwa wakeshia watatu katika duka moja kubwa la vyakula, alimentasyo ya hapa Makiso, na tulikuwa na zamu yetu ya siri: dakika tano kila mmoja kwa kupokezana, mwenye miguu iliyovimba zaidi akianza. Mlinzi wa mlangoni, mzee ambaye Mungu atamlipa, alikuwa na vikohozi viwili. Kikohozi kikavu kilikuwa cha vumbi la barabara. Kile kirefu chenye mkwaruzo kilimaanisha gari la patron limekata kona, nasi tulisimama wima kama askari wanaongoja bendera ipande.

Siku hizi nafundisha, kazi nyingine ya kusimama, ila mwalimu akichoka huvuta kiti na hakuna anayemfukuza. Nilikuwa nimeisahau ile katoni. Kisha majuzi niliingia duka moja la mjini kununua chumvi na viberiti, nikamkuta binti kwenye kesi, pale pa kulipia, amesimama kwa mguu mmoja kama korongo wa ukingoni mwa mto, mguu wa pili ameupumzisha juu ya kiatu alichokivua. Nikamuuliza, "Mwanangu, hamna kiti hapa?" Alitazama mlango kwanza, ndipo akanijibu kwa sauti ya chini: "Mama, kiti ni cha wateja." Nikageuka. Kweli kilikuwapo kiti kimoja cha plastiki, safi kabisa, karibu na friji ya vinywaji. Hakuna aliyekikalia.

Ndiyo sababu nawaandikia, ndugu zangu wa Kisangani.

Mnajua desturi yetu. Ukibisha hodi Mangobo au Kabondo, hata katika nyumba ambayo jiko halijawashwa tangu jana, baada ya "karibu" neno linalofuata ni "kiti". Kama kiti hakipo, mtoto hutumwa mbio kwa jirani kuazima. Mgeni akibaki amesimama, mwenye nyumba huona aibu mpaka jasho limtoke. Sisi ni watu wa kuazima kiti kwa ajili ya mtu tusiyemjua, aliyekuja kuuliza njia tu. Lakini binti wa mtaani kwetu, tuliyemwona akibatizwa, tunamkuta amesimama saa kumi mfululizo mbele yetu, tunahesabu faranga zetu, tunaondoka, na hakuna anayetokwa jasho isipokuwa yeye.

Nitasema mbele ya yeyote kwamba niliipenda ile kazi. Kaunta ni dirisha la mji. Mwanamume akija na maziwa ya unga, sabuni ya mtoto na uso usioweza kuficha meno, unampongeza kabla hajafungua kinywa. Anayeleta sukari, majani ya chai, mishumaa na mafuta bila kusema neno, unajua kwao kuna kilio, nawe unapiga hesabu upesi ili asikae kwenye foleni. Septemba shule zinapofunguliwa, wazazi huja na karatasi ya vifaa iliyokunjwa mara nne. Baba huhesabu madaftari, huhesabu tena fedha mkononi, kisha hurudisha madaftari mawili kwenye rafu. Hapo ndipo nilipojifunza kutazama pembeni, jambo ambalo hakuna shule iliyonifundisha.

Asubuhi na mapema walikuja akina mama wa soko kuu kuchukua maziwa na sukari kwa katoni, wakaviuze kwa kipimo cha kikombe. Waliniita mkwe wao, kila mmoja akidai ana mtoto wa kiume anayenifaa, na siku nyingine waliniletea lituma, ndizi za kupondwa, ndani ya jani, bado ya moto. Kabla ya saa nne nilikuwa nimeongea Kiswahili na hao mama, Kilingala na askari, Kifaransa na wenye tai. Nilijifunza noti kwa ncha za vidole mpaka nikawa nagundua dola bandia nikiwa naangalia kwingine. Na kila mwisho wa mwezi tulicheza likelemba, mchango wa kupokezana, watu saba, pamoja na yule mlinzi mwenye vikohozi viwili. Zamu yangu ilipofika kwa mara ya pili nililipia mwaka wa kwanza pale UNIKIS, chuo kikuu chetu. Shahada yangu imetoka katika kaunta ile, na siionei haya.

Maudhi nayo yalikuwapo, na mengine yalikuwa ya kuchekesha. Mji wetu unapata umeme kutoka maporomoko ya Tshopo, kwenye kituo kilichojengwa miaka ya 1950, na kila mmoja wetu anajua mashine zake zinavyougua. Umeme ukizimika, samaki wa thomson ndani ya friji ya barafu wanaanza kulainika, na mteja humgeukia keshia kana kwamba SNEL ni jina la baba yake. Meli ikichelewa njiani kutoka Kinshasa, safari ya mto ya zaidi ya kilomita 1,700, au malori ya Butembo yakizama kwenye tope, bei ya mafuta hupanda, na anayetukanwa ni msichana ambaye hata hajaona bei hiyo ikiandikwa. Mwaka 2025, faranga ilipopata nguvu ghafla mbele ya dola, watu waliingia madukani wakidai bei ishuke siku hiyohiyo. Walikuwa na haki ya kuuliza. Waliyemuuliza hakuwa na jibu wala uwezo.

Kuna kisa cha dola pia. Noti ya faranga mia tano iliyolainika kama kitambaa cha kufutia meza hupita, lakini dola yenye mchaniko mdogo kama ukucha wa mtoto hukataliwa. Keshia akiikataa, mteja anamtukana. Akiipokea, patron anamkata mshahara. Na jioni kesi huhesabiwa. Likikutwa pengo, ni la keshia. Ikikutwa ziada, ni ya duka. Hesabu hiyo sikuwahi kuielewa, na hesabu ndiyo niliyokwenda kuisomea.

Mwenzetu mmoja aliishi Lubunga, ng'ambo. Daraja hakuna, kuna mtumbwi, na mtumbwi hauvuki kila saa ya usiku. Mteja aliyeingia dakika tano kabla ya kufunga, akazunguka rafu za biskuti kwa utulivu kama mtu anayetazama picha, hakujua kwamba ameshika safari ya mtu mkononi. Mara mbili yule dada alilala kwangu. Mara ya tatu alivuka usiku, na tangu hapo akawa na desturi ya kutazama dirishani kila jua linapoelekea kuzama.

Hayo yote nimeyasamehe au nimeyasahau. Miguu haijasahau. Mishipa ya ndama zangu imesimama kama mizizi juu ya njia ya msituni, na nikikaa kanisani muda mrefu nahisi mapigo yake. Mwenzangu mwingine alisimama mpaka mwezi wa nane wa mimba yake. Tulimpa dakika zetu zote za katoni, na bado alikuwa akitembea kwenda nyumbani akiwa ameshika viatu mkononi, kwa kuwa miguu haikuingia tena ndani yake.

Nilipoanza kuuliza habari za kiti, nilidhani naomba huruma. Kumbe kiti ni sheria, tena ya zamani. Tarehe 8 Julai 1964, huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 120 kuhusu usafi na afya katika biashara na ofisi. Kifungu cha 14 kinasema kwamba wafanyakazi wawekewe viti vya kutosha vinavyofaa, na wapewe nafasi ya kutosha ya kuvitumia. Tazameni tarehe hiyo. Haikupita hata wiki tano, waasi wa Simba wakauteka mji wetu, na mwaka huo hakuna aliyekuwa Stanleyville, kama mji ulivyoitwa wakati huo, akiwaza viti. Kongo iliuridhia mkataba ule mwaka 1967, mwaka uleule ambao mamluki wa Schramme walitushambulia tena mwezi wa Julai. Naielewa sababu ya karatasi hiyo kupotea katika kelele za risasi. Ila risasi zile zimenyamaza siku nyingi, na saini ya nchi bado ipo.

Tangu wakati huo maduka yetu yamepita mikono mingi. Wapo wazee wanaokumbuka Wagiriki na Wareno wa mjini. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitapewa raia. Wengi waliozipokea walikuwa watu wa wakubwa, bidhaa zikauzwa, mpya hazikuagizwa, rafu zikabaki na vumbi. Baadaye baadhi ya wenyewe wa zamani wakaitwa warudi. Leo patron anaweza kuwa mtu wa Butembo, Mlebanoni, Mhindi au mtoto wa hapahapa. Wenye duka wamebadilika kama maji ya mto. Kaunta imebaki na urefu uleule, na nyuma yake mtu amesimama.

Wapo wanaoniambia: subiri, siku moja yatakuja maduka makubwa yenye matawi mengi, yana taratibu zao, mambo yatanyooka. Nawaambia watazame Kenya. Nakumatt ilianza Nakuru kwa kuuza magodoro, ikakua hadi kuwa na matawi zaidi ya 60 nchini humo, Uganda, Tanzania na Rwanda, yenye alama ya tembo mlangoni. Kufikia 2017 rafu zilikuwa tupu na madeni yamefika shingoni, na Januari 2020 wadai walipiga kura ifungwe moja kwa moja. Wafanyakazi waliokuwa wamevaa sare ya tembo walibaki wakidai mishahara yao. Duka kubwa lina mlango mpana na taa nyingi; utu wake hauji pamoja na taa. Huwekwa na watu wa mahali, kwa kudai, na sisi tuna nafasi ya kuanza wakati maduka yetu bado ni ya kiasi cha kujuana.

Kwingineko walidai. Uingereza ilipitisha sheria ya viti vya wauzaji mwaka 1899: kiti kimoja kwa kila wanawake watatu wa dukani. Kimoja kwa watatu! Hesabu ileile ya katoni yetu, ila wao waliiandika. Karibu zaidi na maisha yetu ni Kerala, kule India, ambako wanawake wa maduka ya nguo walikatazwa kukaa hata pale duka lilipokuwa halina mteja. Fundi cherehani mmoja wa Kozhikode, P. Viji, aliwakusanya, wakapigania haki ya kukaa kwa miaka, na mwaka 2018 sheria ya jimbo ikabadilishwa. Tamil Nadu wakafuata mwaka 2021. Nimesoma kwingi, sijaona popote palipoandikwa kwamba duka lilifilisika kwa sababu keshia alikaa. Ujerumani wakeshia hukaa siku zote, na sidhani kuna anayewaita Wajerumani wavivu.

Maana hilo ndilo jibu nililopewa na patron wangu siku nilipothubutu: "Mkikaa, mteja ataona mnalala." Basi wito wangu unaanzia kwako, mteja, kwa kuwa ni kwa jina lako binti huyu amesimamishwa. Hakuna aliyekuuliza. Wewe ndiye unayeweza kumwambia patron, kwa upole na mbele ya foleni, kwamba ukimkuta keshia amekaa huoni uvivu, unaona mtu anayehesabu fedha zako bila kukosea. Sema hivyo mara moja katika duka unalonunua kila wiki. Akisema mmoja ni maneno; wakisema kumi ndani ya mwezi, patron ambaye ni mfanyabiashara wa kweli atasikia, kwa kuwa kazi yake ni kusikia wateja.

Na mengine madogo, maadamu tunaongea. Msalimie kabla ya kumpa orodha. Mwekee fedha mkononi, usizirushe juu ya kaunta kama unamlisha kuku. Kama una noti ndogo, zitoe. Usimtolee dola ishirini kwa kiberiti halafu umkasirikie kwamba hana chenji na anakupa pipi. Saa ya kufunga ikikaribia, jiulize kama biskuti hizo haziwezi kusubiri kesho. Ng'ambo kuna mtu anamngojea mama yake.

Baba patron, Mama patron, nanyi nawaheshimu. Najua meli inavyowachelewesha, najua bei ya mafuta ya jenereta, najua vizuizi vya barabarani na mikono iliyonyooshwa kwenye kila kimoja. Siwaombi mjenge upya duka. Naomba kiti kirefu kinacholingana na kaunta, chenye ubao wa kuwekea miguu, kimoja kwa kila kesi. Tunaishi katikati ya msitu. Magogo ya afrormosia yanateremka mto kwenda kuwa sakafu na meza za watu wa mbali, na sisi tuliobaki na maranda tunakalia katoni ya sabuni. Maseremala wa mji huu wanaweza kutengeneza kiti kitakachodumu kuliko friji yenu yoyote. Na mkishaweka kiti, ruhusuni kikaliwe. Kile cha plastiki karibu na vinywaji kinatosha kutufundisha kwamba kiti peke yake hakimkalishi mtu.

Wengine mtaniuliza, kwa nini kiti, wakati mshahara wenyewe hautoshi? Swali ni la haki. Kima cha chini cha kisheria kilikaa kwenye faranga 7,075 kwa siku tangu 2018 mpaka amri ya 2025 ilipokipandisha hadi 14,500, kisha 21,500 kuanzia Januari 2026, na si kila kaunta ya mji huu imepata habari hizo. Kuna binti anayeitwa "wa kibarua" kwa mwaka wa pili sasa, wakati kifungu cha 40 cha Sheria ya Kazi ya 2002 kinasema wazi: mtu wa kuajiriwa siku kwa siku akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akiajiriwa tena kabla miezi hiyo kwisha anahesabiwa kuwa na mkataba usio na kikomo. Kuna saa 45 za juma ambazo zimekuwa 60. Kuna wiki 14 za uzazi ambazo yule mwenzangu mwenye viatu mkononi hakuwahi kuzisikia. Nayajua. Lakini niliona kwa macho yangu kwamba mtu aliyechoka mpaka mifupa hana nguvu ya kudai chochote. Anataka kufika nyumbani tu. Aliyepata dakika kumi za kukaa huanza kuongea na mwenzake, na katika maongezi hayo ndipo mtu anapouliza, "Hivi wewe ulisaini karatasi yoyote?" Kwetu likelemba ilianzia kwenye katoni.

Kwa hiyo nanyi mabinti na vijana wa kaunta, msisubiri mwalimu mmoja mwenye miguu mibovu awasemee. Hesabuni siku zenu 22, ziandikeni kwenye daftari pamoja na saa za kuingia na kutoka. Chagueni mmoja wenu mwenye maneno matamu, na kila duka lina mmoja, aende na ombi la kiti kabla ya maombi mengine. Ni ombi gumu kukataa bila kuona aibu. Mkikataliwa, ofisi ya ukaguzi wa kazi ipo mjini, na Mkataba namba 120 hauna haja ya kutafsiriwa kwa mtu anayelipwa kuujua.

Wiki iliyopita nilipita kwa seremala mmoja nyuma ya soko. Nilimweleza urefu wa kaunta kwa kuonyesha kiuno changu, akacheka, akapima kwa kamba. Nimeagiza kimoja, kwa fedha zangu, kitakuwa tayari Ijumaa. Nimekubaliana na kijana wa toleka atakibeba nyuma ya baiskeli, mimi nitatembea pembeni nikikishika kisianguke. Nitakipeleka katika lile duka la binti wa mguu mmoja, nimwombe patron akipokee kama zawadi ya mteja wa chumvi na viberiti. Akikipokea, nitarudi Jumatatu kuangalia nani amekikalia. Akikataa, kitakaa barazani kwangu, na nitaandika tena.